Pupe za Wagonjwa wa Usingizi

Usingizi wa kwanza ulinikuta nimeshika mkasi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshapanda, na mbele yangu kulikuwa na kitambaa cha bluu cha sare ya shule ambacho mwenyewe alikuwa anakingoja mlangoni. Nilikata upande mmoja, nikakigeuza nikate wa pili, na nilichosikia baada ya hapo ni sauti ya yule mama akiniita. Nilikuwa nimelaza shavu juu ya cherehani, mkasi ungali mkononi, umefunguka. Tulicheka wote wawili. Nikamwambia ni uchovu wa porini, kwa sababu tulikuwa tumerudi kutoka porini si siku nyingi.

Naitwa Mwayuma. Nyumba yangu iko Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba ukitoka Kasuku, kwenye hospitali. Naandika haya kwa ajili ya yule aliyeketi leo kwenye benchi la hospitali na mtu wake anayesinzia mchana na kugombana na ukuta, na hajui kama mtu huyo atarudi alivyokuwa. Mimi nilirudi. Sikurudi haraka, na sikurudi peke yangu. Nitasema mambo kama yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo ningependa kuyaacha.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni ilikuwa imesimama, na mume wangu Asumani, fundi wa reli, hakuwa na kazi ya kwenda. Tulikuwa na watoto wawili: Feza, wa miaka sita, na Salumu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Bunduki zilipokaribia mtaa wetu tulikimbilia mashambani, tukakaa msimu mzima wa mvua kwenye kibanda kando ya kijito. Pale kulikuwa na nzi wakubwa wa kijivu wanaouma hata juu ya nguo. Nilikuwa nawapiga kofi na kuendelea kufua. Ndivyo ugonjwa ulivyoniingia, lakini wakati ule nani alikuwa na fikira ya nzi?

Tuliporudi mjini, homa zilikuja na kwenda. Nyuma ya shingo nilihisi vitu kama punje za maharagwe chini ya ngozi. Damu ya mwezi ikakatika, nikadhani ni mimba, na mimba haikuonekana. Nikigonga mguu kidogo tu mlangoni, maumivu yalichelewa kufika, kisha yalinishika mpaka nikakaa chini. Nililala nikitwanga, nililala nikila, chakula kingali mdomoni. Usiku macho yalikuwa makavu na nilizunguka nyumba nikisema na watu wasiokuwepo. Majirani kwanza walisema ni uvivu. Baadaye wakasema nimelogwa. Asumani akaacha kula nilichopika.

Kuna miezi ya wakati ule ambayo sina. Sisemi nimeisahau kama mtu anavyosahau mahali alipoweka ufunguo. Haipo kabisa, kama kitambaa kilichoungua katikati. Ninayoyajua nimeambiwa. Niliambiwa nilitoka barabarani na kikwembe begani badala ya kiunoni. Niliambiwa nilimtukana mama mkwe wangu, Bibi Zaina, mbele ya wageni wake. Na niliambiwa habari ya pasi.

Nilikuwa na pasi ya makaa ya kunyoshea nguo za wateja. Siku moja mchana, Feza alikuja kuniamsha kwa sababu mdogo wake alikuwa analia njaa. Niliamka, nikachukua pasi ingali ya moto, nikamwekea juu ya mkono, karibu na kiwiko. Bibi Zaina ndiye aliyekuja mbio kutoka jikoni na kuninyang'anya.

Asumani alitaka nirudishwe kwa baba yangu, Kibombo. Alisema nyumba yenye watoto haiwezi kukaa na mtu kama mimi, na simlaumu. Watu walitazamia Bibi Zaina akubali, maana hakuwahi kunipenda. Tangu mwanzo alitaka mwanawe aoe kwingine. Yeye akakataa. Alisema alipokuwa msichana, upande wa Punia, aliona watu wakilala hivi na kugeuka hivi, na waganga wa hospitali walikuja wakapapasa shingo za kijiji kizima.

"Huyu hana shetani," alimwambia mwanawe kwa Kiswahili chetu, ambacho njo ni ndio. "Njo ugonjwa wa usingizi. Kesho nitamuvusha miye mwenyewe."

Alifunga mkono wangu na wake kwa kikwembe kimoja ili nisijitupe majini, tukavuka Lualaba kwa mtumbwi.

Nakumbuka benchi kuliko ninavyomkumbuka daktari. Lilikuwa la mbao, limelainika kwa kukaliwa, na kila aliyeketi juu yake alikuwa amemshika mtu wake mkono au nguo. Mbele yetu mzee mmoja alikuwa anacheka peke yake bila kukoma, na mkewe alikuwa anamfuta mate polepole, kama anayefuta kikombe cha harusi. Waliniita, wakapapasa shingo, wakachukua damu, kisha maji ya uti wa mgongo. Bibi Zaina alikibana kichwa changu kati ya magoti yake nikiwa nimejikunja, na nilisikia harufu ya moshi wa jiko katika nguo yake. Ndicho kitu cha kwanza ninachokikumbuka mwenyewe baada ya miezi ile: harufu ya moshi, na sauti yake ikisema tulia, Mama Feza, tulia.

Dawa yenyewe sitaki imtishe mtu, kwa sababu siku hizi tunapewa vidonge. Ile ya wakati wetu iliingizwa kwa sindano ya kioo na ilipita mshipani kama pilipili iliyochemshwa. Mshipa ulikauka ukawa mgumu kama kamba. Dawa hiyo iliweza kuua, na hakuna aliyetuficha. Ilitolewa kwa mafungu matatu: siku chache za sindano, kisha zaidi ya wiki ya kupumzika, kisha tena. Tulihesabu maisha yetu hivyo. Mtu akikuuliza uko wapi, ulijibu niko fungu la kwanza, niko la pili.

Baada ya fungu la kwanza akili ilianza kunirudia, vipande vipande. Nikauliza mbona Feza haletwi kuniona. Bibi Zaina aliniambia habari ya pasi kwa maneno machache, akitazama dirisha, kisha akasema nisimuulize tena. Kesho yake alivuka kwenda Alunguli kuwaangalia watoto na kuleta unga. Siku iliyofuata mapigano yalianza na mto ukafungwa. Hakuna mtumbwi uliothubutu. Mimi nilibaki Kasuku, wao Alunguli, na katikati yetu maji. Asubuhi tulisikia milio ya bunduki upande wa pili, kisha kimya, na kimya kilikuwa kibaya zaidi. Kila nilipofumba macho niliuona mkono wa mtoto. Sikuwa nimeuona kweli, kwa hiyo niliuona kila mara kwa namna nyingine.

Muuguzi wetu, Mama Odette, aliposikia kwamba mimi ni mshonaji, aliniletea chandarua kilichotoboka nikishone. Nilikaa nacho kwenye mkeka barazani. Mikono ilitetemeka hivi kwamba uzi haukuingia katika tundu. Nilijaribu mpaka nikaanza kulia, mimi niliyekuwa nashona sare tano kwa siku. Ndipo mtoto mmoja wa kike akaja, akachukua sindano na uzi bila kuomba, akautia uzi mara moja, akanirudishia.

Aliitwa Sifa. Alikuwa na umri wa Feza, na alikuwa mgonjwa kama mimi, kichwa kimenyolewa, macho makubwa. Baba yake, mkulima mpole wa njia ya Kibombo, alikuwa anamlinda peke yake. Sifa aliketi karibu nami akaniambia sasa nimshonee samaki, kwa kuwa uzi ulikuwa wake.

Nilikata vipande viwili kama majani ya mwembe, nikavipandanisha, nikamwonyesha namna ya kupitisha sindano juu na chini, hatua kubwa kubwa, akaacha mdomo wa samaki wazi. Nyuma ya hospitali kulikuwa na msufi. Tuliokota sufi chini yake, tukamjaza samaki kwa kijiti, tukamfunga mdomo. Alitoka amepinda, mkia umevimba. Sifa alimwogesha katika beseni la dawa, na Mama Odette hakumgombeza.

Kuanzia hapo watoto walikuja. Wengine walikuwa wagonjwa, wengine walifuatana na mama au baba aliyelala ndani. Hawakuzidi sita. Nilikuwa na sindano mbili tu, nene, na sharti moja: anayeshika sindano hasimami, na akimaliza anaiweka mkononi mwa mwenzake, haitupi. Wadogo kabisa walijaza sufi. Baada ya samaki tulishona mpira, kisha wakataka pupe, watoto wa vitambaa wenye kichwa na mikono na miguu.

Vitambaa vilitoka kwa Mama Odette. Vilikuwa nguo za waliokufa ambao ndugu zao hawakuweza kufika kwa sababu ya vita. Alizichemsha kwanza, akazianika, akanipa. Nilidhani watoto hawajui. Siku moja Sifa alinyosha kipande cha mistari juu ya goti lake akasema hii ni shati ya yule papa, yule baba wa kitanda cha dirishani. Wenzake wakaitazama, wakaafiki kwa kichwa. Kisha akakata mikono ya pupe ndani yake. Hawakuogopa. Mimi ndiye niliyeogopa, na hata leo nikiona shati la mistari ya kijani sokoni napita upande wa pili.

Mikono yangu ilijifunza tena pale. Sikuwa nawafundisha watoto tu, nilikuwa nawafuata. Mtoto anashona polepole, anatoa ulimi, anahesabu. Nami nilishona kwa mwendo huo huo.

Sifa alinitangulia siku tatu katika dawa. Alipoanza fungu la tatu alikataa kushikwa na baba yake, akataka mimi. Nilimpakata. Pupe yake ilikuwa karibu kwisha, mguu mmoja tu ulikuwa haujajazwa. Nilimwambia avumilie, ikiisha sindano hii tunakwenda kujaza mguu. Alivumilia. Alinibana kidole tu. Lakini alichoka, tukasema mguu utajazwa kesho. Kesho yake hakuamka vizuri. Adhuhuri mwili ulianza kumrukaruka, wakamkimbiza ndani, na kabla mvua ya alasiri haijaanza baba yake alitoka akasimama barazani mikono imening'inia.

Aliniuliza pupe iko wapi. Nikampa. Aligusa ule mguu mtupu akasema, "Mama Feza, unijazie. Asiende na kitu nusu."

Sikuweza. Watoto ndio walioleta sufi, wakaujaza wenyewe, wakibishana kwa sauti ya chini kama imetosha. Mimi nilifunga mshono. Alizikwa nayo.

Siku mbili baadaye ilikuwa zamu yangu. Mama Odette alisimama na sindano ile ya kioo akaniuliza kama nitaendelea. Nilimwona Sifa, nikamwona na Feza, na sikuweza tena kutenganisha nyuso zao. Nikanyosha mkono.

Mto ulifunguliwa kiangazi kilipoingia. Maji yalikuwa yameshuka, mchanga umetokeza. Nilivuka na fimbo, nywele fupi kama za mvulana, nguo zikinipwaya. Bibi Zaina alikuwa amewaficha watoto wiki nyingi katika shamba la ndugu yake, na wote watatu walikuwa hai. Asumani alikuwa ameondoka kwenda Punia kuchimba madini. Salumu hakunijua, alimwita bibi yake mama. Feza alinijua. Aliponiona mlangoni alizunguka nyuma ya bibi yake akamshika kikwembe kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipouona mkono wake. Kovu lilikuwa dogo kuliko yote niliyoyawazia, lenye ncha upande mmoja, na linang'aa.

Kwa miezi miwili Feza hakukaa chumba kimoja nami bila mtu mwingine. Nikisinzia, hata kidogo, alitoka nje. Sikumwita. Kila asubuhi nilitandika mkeka mlangoni nikashona samaki na mipira kwa mabaki ya vitambaa. Salumu alikuja siku ya tatu, kwa ajili ya mpira. Watoto wa jirani wakafuata. Feza alitazama kutoka jikoni. Halafu alitazama kutoka ukutani. Siku moja alikuja akasimama mbele yangu.

"Nipe miye sindano," alisema. "Na mukasi. Weye utatia sufi tu. Mikono yako ibaki pale, niione."

Nilimpa sindano, mkasi, hata pini zilizokuwa kifuani mwangu. Niliweka mikono juu ya mkeka alipoonyesha. Tulishona hivyo siku nyingi, yeye fundi, mimi msaidizi. Alishona pupe mbili, moja kubwa na moja ndogo.

Pupe zilipokwisha alianza kucheza nazo mbele yangu, bila kuniangalia. Aliilaza ile kubwa. Ile ndogo ikaja ikaigusa. Kubwa ikaruka juu, na Feza akasema kwa sauti nzito ambayo niliitambua, kwa kuwa ilikuwa yangu: "Unaniamusha juu ya nini? Miye sikukuzaa. Mutoto wangu alikufa mutoni. Weye ni nani?"

Pupe ndogo ikajibu: "Njo miye, mama. Njo Feza."

Kisha kubwa ikailalia ndogo mkononi, na Feza akaikandamiza hapo muda mrefu.

Hakuna aliyeniambia maneno hayo. Siku ya pasi Bibi Zaina alikuwa jikoni, hakuyasikia. Mtoto huyu aliyabeba peke yake tangu siku ile. Nilitaka kuziondoa zile pupe. Nikaendelea kuchambua sufi, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatazamwa. Alipomaliza nilisema, "Feza. Ulikuwa ni weye. Na ni miye niliyekuzaa."

"Najua," alisema. Akanisogezea pupe ndogo, iliyokuwa imefumuka begani. "Tia sufi hapa."

Alirudia mchezo ule kila siku kwa wiki kadhaa, maneno yale yale. Nilikaa nikasikiliza kila mara. Ilikuwa kama fungu la nne. Kisha siku moja pupe ndogo iliifunga kubwa kamba na kuivusha mto, na mto ulikuwa kikwembe cha Bibi Zaina.

Kila miezi sita, kwa miaka miwili, nilivuka kwenda kutolewa maji ya mgongo. Mara ya pili Feza alikuja nami akaketi kwenye lile benchi. Mara ya mwisho walisema nimepona. Asumani alikaa Punia, akaoa huko. Alipita kutusalimu mara chache na akawasomesha watoto, siwezi kusema vingine. Bibi Zaina alikufa katika nyumba yangu, nikimwosha mimi.

Sasa vita vya wakati ule watoto wetu wanavisimulia kama habari ya wazee. Wagonjwa wa usingizi wamepungua, lakini bado wapo, na kila Jumatano navuka na mfuko wa vitambaa na sindano mbili nene. Wanaoniuliza nawaambia machache. Usimwambie mtoto kwamba yule mgonjwa hakuwa mama yake. Alimwona, anajua alikuwa nani. Mpe mtoto sindano aishike yeye. Na kama wewe ndiye uliyekuwa mgonjwa, uliza habari za miezi iliyokupotea, lakini uliza ukiwa umekaa chini.

Feza ni mwalimu wa shule ya msingi, Kasuku. Ana binti wa miaka minne, Zaina, jina la bibi. Walikuja kwangu mara nyingi, na kila mara palikuwa na mtu wa tatu: dada wa mumewe, jirani, Salumu. Tangu mtoto azaliwe Feza hakuniachia hata wakati wa kwenda kisimani. Hatukuwahi kulisema jambo hilo.

Msimu huu wa mvua, msichana anayemlinda Zaina aliugua. Feza alifika asubuhi kwa pikipiki, amevaa nguo za kazi, akamshusha mtoto. Nikamuuliza nani mwingine anakuja.

"Hakuna," alisema. "Ni weye tu, mama." Na pikipiki ikaondoka.

Tulishona tembo, masikio mawili makubwa. Zaina alishika sindano. Baada ya chakula mwili wangu ulitaka kulala, kama unavyotaka mwili wa mwanamke mzee yeyote saa hizo. Nilisimama, nikanawa uso, nikarudi, nikasimama tena. Mtoto ndiye aliyelala, kichwa juu ya paja langu. Mguu ukafa ganzi. Sikuusogeza, na sikufumba macho. Nilikaa nikiitazama mikono yangu mpaka saa kumi.

Feza alipoingia alimwinua mtoto angali na usingizi. Akamgeuza mkono mmoja, akamgeuza wa pili, akatazama nyuma ya shingo, haraka, kama mtu anayetafuta siafu. Kisha akaona kwamba namwona. Macho yake yakajaa maji.

"Pardon, mama."

"Angalia muzuri," nilimwambia. "Kila mara angalia."

Aliketi karibu nami kwenye mkeka, mtoto begani. Mvua ilianza, ikapita. Halafu aliuliza saa ngapi naamka, kwa sababu kesho masomo yake yanaanza mapema na angependa kumleta kabla ya jua kuwa kali. Nikamwambia saa kumi na mbili nitakuwa nimeshafungua mlango.